Mcheri uani, Unguja na Pemba: cheri ya Ulaya, aserola, pitanga au shokishoki?

Cheri ya dukani, ile nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, inayoletwa kwa ndege na kuuzwa katika vikasha vidogo kwa bei ya kumtoa mtu jasho, haitazaa uani kwako. Nalisema hili mwanzo ili asiye na muda aondoke nalo. Nasaha nyingi za kupanda mcheri zimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, na zikifika kwa msomaji wa Fuoni au Wete hazimwambii kwamba mti huu una sharti moja ambalo mbolea, maji na mkono mwema haviwezi kulitimiza. Tamaa yenyewe ni halali: tunda dogo jekundu, la kuchuma na kula umesimama pale pale chini ya mti. Kwa tamaa hiyo visiwa vyetu vina njia nyingine, na hizo ndizo zinazostahili kupimwa.

Cheri ya Ulaya

Mcheri mtamu, Prunus avium kwa jina la kitaalamu, asili yake ni Ulaya na Asia ya Magharibi, na Uturuki ndiyo inayovuna cheri nyingi kuliko nchi nyingine. Huko mti hupukutisha majani baridi inapoingia, na macho ya matawi yakalala. Hayaamki kwa kuona jua tu. Huamka baada ya kupitiwa na saa nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Kwa aina nyingi ni saa 700 hadi 1,000 na zaidi. Bing, aina mashuhuri iliyotoka Oregon, Marekani, mwaka 1875, imo katika kundi hilo. Wazalishaji wa California wametoa aina zisizodai sana, kama Minnie Royal na Royal Lee, lakini hata hizo hutaka saa kati ya 200 na 500.

Sasa tazama kipupwe chetu. Alfajiri ya Julai, mzee anapotoka kwenda msikitini kajitanda shuka na kunung'unika baridi, kipimajoto bado kinasoma nyuzi 20 au zaidi. Saa zinazohesabika kwa mcheri, mwaka mzima, ni sifuri. Wala hakuna pa kukimbilia juu: kilima cha Masingini hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Pemba, kwa wingi wake wote, havimzidi Masingini.

Kinachowadanganya watu ni kwamba mche haufi papo hapo. Hutoa majani, ukarefuka kidogo, mwenyewe akafurahi. Kisha macho mengine hubaki yamefumba, majani huchipua kwa mafungu kwenye ncha, maua hayaonekani, na masika ya pili au ya tatu mizizi huanza kuoza kwenye udongo uliolowa. Kuna pia wanaookota kokwa za cheri walizonunua, wakazifunga kwenye kitambaa kibichi na kuziweka ndani ya friji miezi mitatu. Zinaota kweli, maana kokwa nayo hutaka baridi na friji huitosheleza. Ila friji iliyoamsha kokwa haitaufunika mti mzima miaka minne baadaye. (Na kokwa hizo zisiachiwe watoto wakazitafuna; ndani yake mna kitu kinachogeuka sumu ya sianidi.)

Hila ya kumwagia barafu shinani nayo haina maana. Baridi inatakiwa kwenye macho ya matawi, usiku na mchana, kwa majuma. Saa 1,000 ni karibu wiki sita mfululizo, kwa hiyo mwenye mcheri kwenye pipa angelazimika kuulaza kwenye chumba cha baridi cha samaki kila mwaka ili apate bakuli la matunda. Wengine hutaja maepo ya Batu, Java, ambako wakulima huchuma majani yote kwa mkono na mti ukatoa maua bila ya majira ya baridi. Ni kweli, lakini Batu iko milimani, na mti wenyewe ni mwepo. Hata huku kwetu Tanzania, pichi, plamu na maepo hutoka Lushoto, Njombe na Makete, kwenye nyanda za juu zenye usiku wa baridi, wala si Mkokotoni.

Yapo na mengine, na yote huja baada ya deni hilo la baridi. Bing haizai peke yake, hutaka aina nyingine jirani ya kuichavusha. Stella, iliyotolewa Kanada mwaka 1968, ndiyo iliyofungua njia ya mcheri mtamu unaojitosheleza. Mti uliobebeshwa, yaani kuunganishwa, kwenye shina la aina ya Mazzard hufika mita 10, ule wa shina la Gisela 5 hubaki nusu yake au chini ya hapo. Mvua ikinyesha tunda likiwa limeiva, ganda hupasuka. Mtu wa Uingereza ana haki ya kuumiza kichwa kwa hayo. Sisi hatufiki huko. Na kama bado unafikiria kumwagiza ndugu akutilie mche kwenye begi, kumbuka mmea hai kutoka nje hutaka kibali cha kuingizia na cheti cha afya ya mimea, na sababu yake ni nzito: nzi wa matunda kutoka Asia aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 bado anatutafunia maembe.

Aserola na pitanga, sako kwa bako

Hawa wawili ndio washindani wa kweli wa ua mdogo. Wote wawili huitwa cheri na wauza miche, wote wawili asili yao ni Amerika ya joto, na hakuna mmoja aliye ndugu wa cheri ya Ulaya. Aserola (Malpighia emarginata) hutoka visiwa vya Karibi na nchi za jirani zake. Ndiyo cheri ya Barbados. Pitanga (Eugenia uniflora) ni ya Brazili na Suriname, na ni wa ukoo mmoja na mpera, mkarafuu na mzambarau. Kwa Mpemba huo ni ukoo wa nyumbani.

Kwa sura ya tunda, aserola ndiyo inayokaribia cheri uliyoiona kwenye picha: duara, nyekundu, inang'aa, yenye mikunjo mitatu hafifu na kokwa tatu ndani. Pitanga ina mbavu nane kama boga dogo. Ukitaka wageni wadhani umepanda mcheri wa Ulaya, jibu umeshalipata.

Kwa ladha hukumu si rahisi hivyo. Aserola nyingi ni chachu, na zile tamu ni aina maalumu. Tofauti ya mti na mti ni kubwa, ndiyo maana mche wa mbegu ni bahati nasibu. Ukali wake lakini ni ule wa kupendeza, wa ndimu iliyotiwa adabu, na juisi yake yenye sukari kidogo inaweza kukaa meza moja ya futari na juisi ya mabungo bila ya kuona haya. Pitanga ni tunda la mtu mwenye subira. Likiwa la rangi ya chungwa au jekundu la kawaida huwa na harufu ya utomvu inayokwaruza koo, na wengi huonja hapo, wakatema, wakaukata mti. Liache mpaka liwe jekundu zito au karibu jeusi, na liangukie kiganjani kwa kuguswa tu. Hapo ni tamu, lenye ukali kidogo na manukato ambayo cheri ya Ulaya haina. Lililobakiwa na harufu lipasue, toa kokwa, nyunyizia sukari, liweke kwenye friji saa kadhaa. Hulainika.

Kwa afya aserola haina mpinzani. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 1,000 za vitamini C, wakati cheri ya Ulaya ina kama miligramu 7 na chungwa 50 na kitu. Tunda bichi lina nyingi zaidi kuliko lililoiva. Ukilipika jemu, sehemu kubwa hupotea, kwa hiyo juisi isiyopikwa ndiyo matumizi yenye faida. Pitanga nayo si haba, lakini haimo kwenye daraja hilo.

Udongo ndio unaoamua zaidi, na hapa wote wawili wana heri kuliko watu wanavyodhani. Aserola huvumilia mawe ya chokaa mradi maji yasituame, kwa hiyo hata kwenye uwanda, ile ardhi ya mawe ya mashariki ya Unguja, ukipasua jiwe na kujaza shimo udongo na samadi, itakwenda. Adui yake ni maji yaliyosimama, na kwenye kichanga ni minyoo midogo ya mizizi, ile ile inayoviringisha mizizi ya nyanya na bamia. Usiipande palipokuwa na tuta la bamia mwaka jana. Tandaza majani makavu na samadi shinani, maana udongo wenye uhai huwapunguza minyoo hao. Pitanga huvumilia karibu kila kitu: kichanga, udongo wa mfinyanzi wa Pemba, chokaa laini, hata maji ya kusimama kwa muda. Isichokitaka ni chumvi. Nyumba iliyo ufukweni, au inayomwagilia kwa kisima chenye maji ya magadi, isiwekeze kwa pitanga.

Kuhusu muda, aserola ya kipande cha tawi inaweza kuanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na maua hadi tunda ni wiki tatu au nne tu. Maua huja kwa mikupuo, hasa mvua ikirudi baada ya ukavu, hivyo unavuna mara kadhaa kwa mwaka. Raha hiyo ina gharama yake: tunda halikai. Siku mbili tatu nje ya friji limeanza kuchacha. Ni mti wa kuchumwa kila asubuhi, na ukisafiri wiki moja watakaokula ni kunguru. Pitanga ya mbegu huzaa baada ya miaka miwili au mitatu pia, nayo mbegu zake zinataka kupandwa mapema, kwani zikikaa mwezi hupoteza nguvu ya kuota. Zikipandwa mbichi huota bila ya shida.

Kuna jambo moja la aserola ambalo wauza miche hawalisemi. Huko kwao huchavushwa na nyuki wanaokusanya mafuta kwenye maua yake, na nyuki hao hapa hatuna. Aina nyingine huzaa bila wao, nyingine hujaa maua ya waridi na kudondosha yote. Kwa hiyo usinunue mche wa kubahatisha. Tafuta mti uliouona kwa macho yako umebeba matunda, omba matawi, yaoteshe kwenye mchanga wenye kivuli. Kama nafasi inaruhusu, panda miwili kutoka miti-mama tofauti.

Pitanga ina sifa ambayo aserola haina: ni ua, kwa maana ya boma. Ikipandwa karibu karibu na kupogolewa hufunga vizuri, majani machanga yanatoka na rangi ya shaba, na ukiyapikicha yana harufu kali ambayo Brazili huyatandaza sakafuni kwa ajili yake. Ukipogoa sana lakini unakata na maua, basi chagua: boma lililonyooka au matunda. Ina aibu yake pia. Ndege hueneza mbegu, na huko Bermuda na Florida imegeuka gugu linaloingia msituni. Aliye jirani na Ngezi au Jozani nisingemshauri kuipanda. Nzi wa matunda wanaipenda sana, hivyo kila kilichoanguka kiokotwe na kifukiwe, la sivyo unawafugia wa kwenye mwembe wa jirani.

Mimi, kwa ua wa mjini wenye karo, kamba ya nguo na kuku watatu, naichagua aserola. Haizidi mita tatu ukiipogoa, kivuli chake ni chepesi, na watoto wanaweza kuifikia bila kupanda. Pitanga naiweka ya pili, ila kwa mtu anayehitaji boma na mwenye udongo mzito, inakuwa ya kwanza.

Shokishoki, kwa mwenye nafasi

Mtu akiniuliza tunda gani Zanzibar linampa raha ile ile ya cheri, la kula moja moja hadi mkoba unaisha bila ya kujua, nitamwambia shokishoki. Msimu wake ukifika, Darajani, Mwanakwerekwe na njia ya Mwera mafungu huwa mekundu. Lakini kama mti wa uani unadai mambo matatu.

Kwanza udongo. Mshokishoki unataka udongo wenye kina, wenye uchachu kidogo, na mvua ya kutosha, milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Pemba inakaribia hapo kuliko Unguja. Unguja yenyewe unakubali upande wa magharibi na kati, Kizimbani, Mwera, Donge. Kwenye chokaa majani hugeuka manjano na mishipa kubaki kijani, kwa sababu mizizi haipati madini ya chuma, na mbolea ya duka haitibu jiwe lililo chini.

Pili jinsia. Miche ya mbegu karibu nusu yake huwa dume, na dume hutambulika baada ya miaka mitano au sita ya kumwagilia, unapotoa maua bila ya tunda. Nunua uliobebeshwa kutoka mti unaozaa, uzae mapema zaidi na ubaki mfupi. Wa mbegu unaweza kufika mita 15 na kupita, ukautia kivuli uwanja mzima.

Tatu walaji wenzako. Komba, kunguru, na Pemba kuna popo. Popo mkubwa wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, hapatikani popote pengine duniani, na wakazi wa Kidike wanasifika kwa kumlinda baada ya kukaribia kutoweka. Anakula matunda, na mti wako hatauuliza ni wa nani. Wavu uliolegea humnasa na kumuua. Afadhali kuvisha vishada mifuko, au kuvuna mapema na kukubali kwamba vishada vya juu kabisa ni vyake.

Mkunazi na wengineo, kwa kifupi

Mkazi wa Jambiani, Makunduchi au Micheweni, penye jiwe, upepo na maji ya visima vyenye chumvi, aache orodha yote ya juu na aangalie mkunazi. Hauna urembo wa cheri, una miba, na kunazi za kienyeji ni kokwa zaidi kuliko nyama. Lakini unavumilia kiangazi na jiwe kuliko wote niliowataja, ipo miti ya kubebesha yenye matunda makubwa, na majani yake kila nyumba ya Kiislamu ina siku inayoyahitaji, maiti anapooshwa. Watu watakuja kuyaomba. Usiukate.

Mtofaa ni mzuri wa kutazama, maua yake yakianguka ardhi yote huwa ya waridi, ila tunda ni la maji zaidi. Mzambarau ni mti wa shamba: mkubwa mno, na unapaka rangi kila kanzu inayopita chini yake.

Kabla hujatoa pesa

Kitaluni tazama majani, kwa sababu neno «cheri» kwenye kibao halikwambii kitu. Mcheri wa Ulaya una jani refu lenye ukingo wa msumeno, na kwenye kikonyo, karibu na jani, kuna vivimbe viwili vidogo, mara nyingi vyekundu. Majani yake hupishana tawini. Aserola ina majani madogo yanayotazamana mawili mawili, ukingo wake laini, bila ya harufu. Pitanga nayo hutazamana, ila inang'aa zaidi, machipukizi ni mekundu, na ukilipikicha jani utaijua hata gizani. Mshokishoki una kikonyo kimoja chenye majani madogo kadhaa.

Panda mvua zinapoanza, masika ya Machi au vuli ya Oktoba, ili maji ya mfereji yasiwe ndiyo tegemeo. Shimo la upana wa nusu mita linatosha kwenye kinongo, udongo mzuri wa kulimwa. Kwenye uwanda lipanue zaidi na uhakikishe maji yana pa kutokea. Aserola iwe mbali na karo na mahali panapomwagwa maji ya kufulia. Muuza miche akikwambia anao mcheri wa Ulaya uliozoea Zanzibar, mwombe kwanza akupeleke ukauone mti-mama ukiwa na matunda.